Kufikiri kidizaini kwa wanafunzi wa majengo: ukitoa zile stika za rangi, kinabaki nini?

Siku hizi vyuo vingi vinataka semina ya kufikiri kidizaini (design thinking), yaani njia ya kutatua matatizo kwa kuanzia kwa mtumiaji. Anakuja mkufunzi, anagawa stika za njano na za pinki, ukutani vinachorwa vishale vitano (muelewe mtumiaji, bainisha tatizo, toa mawazo, tengeneza mfano, jaribu), watu wanapiga picha, wanapewa vyeti, jioni imeisha. Kesho yake mwanafunzi wa ubunifu majengo anarudi studio, wa uhandisi anarudi kwenye hesabu za zege, wa ukadiriaji majenzi anarudi kwenye BOQ yake (orodha ya kazi, vipimo na bei), na hakuna kilichobadilika kwenye namna hao watatu watakavyokutana saiti miaka mitano mbele. Ndo maana wapo wahadhiri wanaosema hiki kitu ni usanii mtupu, na wapo wanaoapa kwamba kinasaidia, na ukiwasikiliza vizuri unagundua hawaongelei kitu kimoja.

Wale wa kwanza wanaongelea stika, wale wa pili wanaongelea kilichokuwepo kabla yake. Hizo hatua tano zimesambaa zaidi kutokea Stanford, kwenye ile shule yao ya dizaini iliyoanzishwa katikati ya miaka ya 2000 kwa hela ya Hasso Plattner, mmoja wa waasisi wa SAP, kampuni ya programu za kompyuta ya Ujerumani, na zilikaa vizuri sana kwa watu wanaotengeneza programu za simu na bidhaa ndogondogo. Ila mizizi yake ni ya zamani kuliko hapo, na sehemu kubwa ya hiyo mizizi ipo kwenye majengo na mipango miji. Mwaka 1973 Horst Rittel na Melvin Webber, wote walimu wa Berkeley, mmoja wa dizaini mwingine wa mipango miji, waliandika kwamba kuna matatizo ambayo hayakai kama hesabu ya darasani: huwezi kuyaeleza mpaka uanze kuyatatua, hayana jibu sahihi ila yana jibu afadhali na jibu baya, na kila jaribio linaacha alama, maana huwezi kujenga barabara alafu ukaifuta ili uone mtaa ungekuwaje bila hiyo barabara. Yeyote aliyewahi kuhamisha wamachinga kutoka eneo moja kwenda lingine anajua walichokuwa wanasema.

Mimi ukiniambia nichuje yote hayo nibakize kitu kimoja cha kumfundisha mwanafunzi wa majengo, nitabakiza hiki: maswali ya mtu wa mwisho yafike mezani mwanzoni. Mtu wa mwisho ni yule anayekutana na mchoro ukiwa umeshasainiwa na kugongwa mihuri. Fundi nondo. Mchomeleaji wa karakana. Nesi wa zamu ya usiku, mama anayedeki, dereva wa gari la maji taka, mtoto wa darasa la pili. Huyu ndo anayejua mchoro unabana wapi na kwa utaratibu wetu wa sasa huyu ndo haulizwi kabisa, au anaulizwa siku ya makabidhiano wakati keki inakatwa.

Sasa kwanini iwe ngumu hivyo, si tuwakutanishe tu waongee? Shida ni kwamba chuo kinawatengeneza watu wenye njia tofauti za kufikiri, na hili lilipimwa. Kwenye miaka ya 70 Bryan Lawson, Mwingereza aliyesomea usanifu majengo pamoja na saikolojia, aliwapa watu vibao vya mbao vyenye rangi, akawaambia wavipange kwenye fremu ili ukuta wa nje uwe mwekundu kadri inavyowezekana, au wa bluu kadri inavyowezekana. Nyuma ya pazia kulikuwa na sheria ambayo hawakuambiwa, kwamba baadhi ya vibao lazima viende pamoja. Wale waliokuwa wanasoma sayansi ngazi ya juu walianza kujaribu mpangilio mmoja baada ya mwingine ili waigundue sheria kwanza, wakishaijua ndo watafute jibu. Wale wa usanifu wa mwaka wa mwisho walipanga moja kwa moja kile walichoona kitakuwa chekundu zaidi, wakiambiwa haikubaliki wanabadilisha kidogo, wanajaribu kinachofuata kwa ubora, mpaka wanapita. Kundi moja linachimba tatizo ili lipate jibu, lingine linarusha jibu ili lione tatizo lina sura gani.

Kinachonivutia zaidi kwenye hiyo habari ni kwamba Lawson alirudia jaribio kwa vijana waliotoka shule tu na kwa wanafunzi wa usanifu wa mwaka wa kwanza, na ile tofauti kubwa haikuonekana. Yaani hawazaliwi hivyo. Ni sisi walimu tunawapeleka huko, mwaka baada ya mwaka, kila idara kivyake, alafu tunashangaa kwanini injinia na akitekti hawaelewani kwenye kikao cha saiti. Injinia anataka data kabla hajafungua mdomo, akitekti anataka kuchora kabla data haijaja, kila mmoja anamwona mwenzie hajui kazi, na mkadiriaji majenzi (QS) aliyekaa katikati anawaona wote wawili wanamalizia bajeti ya watu.

Zamani huku kwetu pwani huo mgawanyo haukuwepo. Angalia nyumba za mawe za Lamu au za Mji Mkongwe Zanzibar, vyumba vyake ni virefu na vyembamba, upana unagota kwenye mita 3 hivi au chini yake. Siyo kwamba watu walipenda vyumba vya kujibana, ni boriti za mikoko, urefu wake unaobeba dari la mawe na chokaa unaishia hapo. Kwahiyo fundi akishika boriti mkononi ameshajua upana wa chumba, ameshajua ukuta wa matumbawe unakaa wapi, ameshajua ghorofa ya juu itafuata nini, na gharama anaijua maana anajua boriti zinanunuliwaje. Ubunifu, uhandisi na ukadiriaji vilikuwa uamuzi mmoja kwenye kichwa kimoja. Ulaya nako mjenzi mkuu wa zamani alikuwa hivyohivyo mpaka elimu ikaanza kugawanyika, Ufaransa kwa mfano shule ya wahandisi wa madaraja na barabara, École des Ponts et Chaussées, ilianza 1747, wasanifu wakabaki upande wao na sanaa, na sisi tukaja kurithi mgawanyo huo na madawati yake. Sisemi turudi kwa fundi mmoja anayejua yote, jengo la ghorofa 20 lenye lifti, jenereta, mfumo wa moto na kiyoyozi halikai kwenye kichwa cha mtu mmoja. Ila kile kikao kilichokuwa kinafanyika ndani ya kichwa cha fundi inabidi sasa kifanyike mezani kati ya watu, na kukaa kikao cha namna hiyo ni ujuzi, unafundishwa, haujitokezei tu.

Gharama ya kutokaa hicho kikao, hakuna mfano unaoielezea kama hoteli ya Hyatt Regency ya Kansas City, Marekani. Usiku wa tarehe 17 Julai 1981 watu walikuwa wamejaa ukumbini kwenye dansi, juu yao kuna njia za kutembelea zinazoning'inia kutoka kwenye paa, ya ghorofa ya nne ikiwa juu kabisa ya ile ya ghorofa ya pili. Zilidondoka. Walikufa watu 114 na wengine zaidi ya 200 wakaumia.

Mchoro wa mwanzo ulikuwa na fito ndefu za chuma zinazotoka kwenye paa, zinapita kwenye boriti za ghorofa ya nne, zinashuka mpaka ghorofa ya pili, na kila njia inakalia nati zake kwenye fito hizohizo. Karakana iliyotengeneza vyuma ikaona tabu, maana ili nati ya ghorofa ya nne ifike mahali pake inabidi ufito wote kuanzia chini uchongwe nyuzi, na huo ufito wenye nyuzi unapandishwa saiti ukigongwagongwa, nyuzi zinaharibika. Wakapendekeza ufito ukatwe vipande viwili, kimoja kutoka kwenye paa mpaka ghorofa ya nne, kingine kianzie kwenye boriti ya ghorofa ya nne kishuke mpaka ya pili. Kwenye karatasi ni badiliko la kidole kimoja. Ila fikiria watu wawili wananing'inia kwenye kamba moja, kila mmoja ameshika kamba kwa mikono yake, alafu unamwambia yule wa chini aachie kamba ashike miguu ya wa juu. Kamba inabeba uzito uleule, lakini mikono ya wa juu sasa inabeba watu wawili. Nati ya ghorofa ya nne ilipata mzigo mara mbili, na uchunguzi ukaja kuonyesha kwamba hata ule muungano wa mwanzo ulikuwa unabeba kama asilimia 60 tu ya kile sheria za ujenzi za mji zilikuwa zinataka. Badiliko likapita, michoro ya karakana ikagongwa muhuri, hesabu ya ule muungano mpya haikufanywa na mtu. Wahandisi wahusika wakanyang'anywa leseni Missouri.

Darasani hii kesi hufundishwa kama somo la maadili au la miundo ya chuma, na ni sawa. Ila isome tena kidizaini. Malalamiko ya karakana yalikuwa ya haki kabisa. Ufito mrefu wenye nyuzi mwili mzima ni dizaini mbovu ya kutengeneza, na mtu yeyote wa karakana angekuambia hivyo kwa dakika mbili kama angekuwepo siku ule muungano unachorwa. Hakuwepo. Swali lake likaja mwishoni, na likaja likiwa limevaa nguo ya badiliko dogo, wakati kila mtu ana haraka na kila mtu anaamini mwenzie ameshaangalia. Ukimuuliza mwanafunzi "nani alikosea?" atakutajia sheria. Muulize "hilo swali la karakana lilitakiwa lifike lini, na nani alitakiwa aliite?" hapo ndo unamfundisha.

Na muda ni kila kitu kwenye ujenzi. Mwaka 1976 Boyd Paulson wa Stanford alichora grafu ambayo watu wa ujenzi wameinakili mpaka leo: mwanzo wa mradi uwezo wako wa kubadilisha gharama ni mkubwa na hela uliyotumia ni kidogo, kadri siku zinavyokwenda uwezo unashuka na hela inapanda. Patrick MacLeamy akaja kuipa umaarufu upya miaka ya 2000 akiongezea kwamba kazi yetu ya michoro tunaijaza kule mwishoni ambako kubadilisha ni ghali. Jumba la Opera la Sydney, Australia, ni ushahidi wa zege. Msanifu wa Denmark, Jørn Utzon, alishinda shindano la kulisanifu 1957, serikali ikawa na presha ya kisiasa ikataka ujenzi uanze, wakaanza 1959 wakati hakuna aliyekuwa anajua yale makombe ya juu yatasimamaje. Jibu zuri, kwamba makombe yote yakatwe kutoka kwenye tufe moja ili vipande vifanane na vimwagwe kwa kurudiarudia, lilikuja karibu na 1961 baada ya Utzon na wahandisi wa kampuni ya Ove Arup kujaribu maumbo chungu nzima. Lakini chini kulikuwa kumeshajengwa, na baadhi ya nguzo za msingi ikabidi zivunjwe zijengwe upya maana hazikuwa na nguvu ya kubeba kilichokuja. Makadirio yalikuwa dola za Australia milioni 7, ikafunguliwa 1973 kwa milioni 102, na Utzon alishaondoka tangu 1966. Watu husema hiyo ndo hasara ya kujaribujaribu, mimi nasema kujaribu ndo kuliiokoa, kosa lilikuwa kumwaga zege kabla ya kujaribu.

Hapa ndo ule msemo wa watu wa programu wa kufeli haraka ufeli mara nyingi inabidi uachwe nje ya geti. Mtengenezaji wa programu anaweza kuachia toleo bovu Jumatatu akalirekebisha Jumatano. Wewe huachii ghorofa bovu. Mwanafunzi lazima ajue tangu siku ya kwanza kwamba kuna vitu vinajaribiwa na kuna vitu vinahesabiwa: mpangilio wa vyumba, njia za watu, urefu wa kitasa, namna fundi atakavyofika kwenye valvu, hivyo cheza navyo unavyotaka kwenye karatasi, kwenye katoni, kwenye turubai. Uwezo wa udongo, mzigo wa upepo, nguvu ya zege, hivyo vina vipimo vyake, zile kyubu za zege za kupimia nguvu zitapondwa siku ya 7 na siku ya 28 na hakuna stika itakayobadilisha namba. Semina nyingi hazisemi hili, ndo maana wahandisi wanakaa nyuma wamekunja mikono, na wana haki.

Haya, unafundishaje sasa. Mimi ningeanza na kazi inayoonekana ya kitoto kabisa, choo cha shule ya msingi. Lugha yake kila Mtanzania anaijua, matundu ya vyoo. Shule ina wasichana 400 na wavulana 375, mwongozo unasema tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, kwahiyo matundu 20 na matundu 15, hesabu imeisha, tujenge. Mpe kazi hiyo timu ya watatu, akitekti, injinia na QS, wape wiki moja. Watakuletea kitu kizuri tu: matofali ya matobo kwa ajili ya hewa, shimo limepigiwa hesabu, injinia ameuliza maji ya ardhini yako kina gani maana mabondeni kule shimo linajaa kabla halijatumika, QS amepata bei ya tundu moja akazidisha kwa 35.

Usiwape maksi bado. Wapeleke shuleni, na wasiende na dodoso, maana ukimpa mwalimu mkuu dodoso atakujibu kama anavyomjibu mkaguzi. Waende wakae tu kuanzia kabla ya mapumziko ya saa nne, kimya, na daftari. Wataona watoto karibu wote wanakuja kwa dakika zilezile, kwahiyo foleni haina uhusiano na wastani wa siku. Wataona wa darasa la kwanza wanajisaidia pembeni maana tundu linawatisha na komeo limewekwa juu usawa wa mtu mzima. Bomba la maji lipo upande wa pili karibu na ofisi. Wanaodeki ni watoto wenyewe, na ndoo. Na wakikaa vizuri wataona wasichana wa darasa la sita na la saba hawaji, au wanakuja wawiliwawili mmoja ashike mlango, kwa sababu njia ya kwenda chooni inakatiza uwanja wa mpira mbele ya wavulana, mlango una upenyo, ndani hamna pa kutupa taulo ya kike. Alafu mmoja wao apige simu kwa wenye magari ya maji taka aulize swali moja, gari litasimama wapi na mpira wake unafika mita ngapi. Hilo swali peke yake limeshaua michoro mingi.

Wakirudi studio ndo kazi halisi inaanza. Mwanzo swali lilikuwa matundu mangapi, sasa limekuwa kwanini mtoto wa darasa la sita anajibana mpaka saa nane mchana. Na kubadilika kwa swali siyo maneno matamu ya ukutani, kunagusa kila kitu: akitekti anataka kusogeza choo karibu na madarasa, injinia anasema ukikisogeza hapo mteremko wa bomba hautoshi na upepo wa kusi utaleta harufu darasani, QS anasema kwa bei ya matundu manne naweza kupata tenki, chumba cha kujisitiri cha wasichana na kichomea taka, anajibiwa na wenzie kwamba mwongozo haukuruhusu kupunguza matundu manne, kwahiyo inabidi wamtafute mhandisi wa halmashauri wajue nini kinajadilika na nini hakijadiliki. Huo ubishi ndo somo. Mwalimu kazi yake hapo siyo kuamua nani mshindi, kazi yake ni kuhakikisha kila anayebisha anachora au anapiga hesabu ya anachobishia palepale, kwenye karatasi ileile, isiwe mmoja anaongea na mwingine anasema nitaenda kuangalia.

Kabla hawajaenda mbali, wasimamishe chumba kimoja cha choo kwa ukubwa wake halisi nje ya karakana, mirunda, turubai, mlango wa maboksi. Inachukua asubuhi moja. Ingia na ndoo ya maji mkononi, jaribu kufunga mlango. Utaona mlango unaofunguka kwa ndani unakugonga na ndoo inamwagika, na ukiufungulia nje unaziba njia ya wenzio kwenye foleni, na hapo timu inagundua kwamba sentimita 90 walizochora kwenye kompyuta bila kufikiri zilikuwa uamuzi, na uamuzi wenyewe hakuna aliyeufanya. Programu ya kuchorea majengo kama Revit itakuonyesha bomba limepita ndani ya boriti, hiyo ni kazi nzuri sana na wafundishwe, lakini haitakuambia kwamba jengo zima linajibu swali ambalo hakuna mtu aliuliza.

Kama mtu anaona huu ni mchezo wa vyoo tu, aangalie hospitali ya Butaro, kaskazini mwa Rwanda wilaya ya Burera, iliyofunguliwa 2011. Walioisanifu ni MASS Design Group, wakifanya kazi na Partners In Health na wizara ya afya, na wakati wanaanza wengi wao walikuwa bado wanafunzi wa usanifu Harvard. Swali walilopewa lingeweza kuwa vitanda vingapi. Wao wakakaa na madaktari na manesi, ambao walikuwa na hofu ya kifua kikuu kuambukizwa hospitalini hapohapo, mgonjwa anakuja na mguu anaondoka na TB, na chanzo kimoja ni zile korido za ndani ambako watu hukaa wanasubiri wakikoholeana. Kwahiyo korido zikatolewa nje ya jengo. Vitanda vikawekwa katikati ya wodi, vichwa kwenye ukuta mfupi wa kati, mgonjwa anatazama dirishani badala ya kutazamana na mwenzie, hewa inaingia chini inatokea juu. Alafu mawe ya volkano ya kule, ambayo kwa wakulima yalikuwa kero shambani, waashi wa hapohapo wakayachonga mpaka yakawa ukuta ambao watu wanaenda kuupiga picha. Hakuna hata kimoja hapo kinachotokana na akitekti peke yake. Korido ni uamuzi wa daktari, hewa ni ya injinia, jiwe ni la fundi, na mchoro umevikubali vyote kwa sababu vilifika mapema.

Kwa upande wa kufundisha hasa, mfano wa siku nyingi ni kozi ya Stanford ya timu za wasanifu, wahandisi na watu wa ujenzi, iliyoanzishwa na Renate Fruchter mwaka 1993 na ikaendelea kwa miongo. Kila timu ina mwanafunzi wa usanifu, wa miundo, wa usimamizi wa ujenzi, baadaye wakaongeza mifumo ya mitambo na gharama za maisha ya jengo, na mara nyingi wanatoka vyuo vya nchi tofauti kabisa, mmoja yupo California mwingine Weimar, Ujerumani, mwingine Ljubljana, Slovenia, wanafanya jengo moja kwa miezi kadhaa na watu wa viwandani wanawakosoa. Ninachokipenda hapo siyo teknolojia ya mikutano ya mbali, hiyo sasa hivi kila mtu anayo. Ni kwamba yule wa usimamizi wa ujenzi yupo tangu siku ya kwanza. Akitekti anachora umbo na papo hapo kuna mtu anamuuliza kreni itakaa wapi. Na wanatakiwa walete mawazo zaidi ya moja kabla ya kuchagua, kwahiyo hakuna anayeoana na mchoro wake wa kwanza.

Sasa huku kwetu. Dar tuna bahati ya ajabu, Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) ni majirani, ubunifu majengo, ukadiriaji na uhandisi vyote vipo umbali wa kutembea kwa miguu. Nairobi nako idara hizo zipo. Kinachozuia ni ratiba, mitaala na maksi. Kila taaluma ina bodi yake, Tanzania AQRB inasimamia wabunifu na wakadiriaji, ERB wahandisi, CRB makandarasi, Kenya kuna BORAQS, EBK na NCA kwa makundi hayohayo, na kila mtaala lazima uitazame bodi yake. Hizo bodi zina kazi muhimu, hasa ukikumbuka ghorofa lililoanguka Kariakoo Novemba 2024 au lile la Huruma, Nairobi, Aprili 2016, hakuna anayetaka zilegee. Ila mkuu wa idara akiambiwa atoe masaa ya kozi ya pamoja, kitu cha kwanza atakachouliza ni masaa hayo yanahesabika kwa bodi ipi.

Maksi ndo penye mzozo zaidi. Mtoto ametoka kwenye mitihani ya taifa ambako jibu ni A au B, anakuja uhandisi anakuta jibu ni namba yenye vipimo, ghafla unamwambia alete mawazo matatu na uniambie kwanini umetupa mawili. Kama maksi zote zipo kwenye mchoro wa mwisho hatafanya, atachora wazo moja usiku wa kuamkia juri (kikao cha walimu cha kukagua kazi) na mengine mawili atayabuni baada ya hapo ili yaonekane yalitupwa, usimlaumu, anakwepa sapu, yaani mtihani wa kurudia. Kwahiyo lazima kilichotupwa kiwe na maksi, madaftari yakaguliwe kila wiki yakiwa na tarehe, na swali la juri liwe "ulibadilisha nini baada ya kutoka shuleni na nani alikubadilisha?" Lingine ni wapanda migongo, kila kundi la watu sita lina wawili wanaofanya kazi na wanne wanaoandika majina. Timu ya watatu wenye fani tofauti inapunguza hilo kidogo maana QS asipoleta bei kila mtu anaona pengo, lakini haliishi, na kwenye darasa la watu 150 mhadhiri mmoja hawezi hata kama ana moyo wa chuma.

Na kuwe na tarehe ya kufunga. Hili wapenzi wa kufikiri kidizaini hawalipendi ila kwenye ujenzi ni lazima: siku fulani mchoro unafungwa, na baada ya hapo badiliko lolote hata la nati linarudi kwa watu wote watatu na linahesabiwa upya kwa maandishi. Mwanafunzi azoee hiyo fomu akiwa chuoni. Mwalimu anaweza hata kumletea badiliko la makusudi wiki ya mwisho, barua inayosema nondo za milimita 16 hazipatikani dukani tunaweka za 12, alafu akae aone nani atasaini bila kumuuliza mwenzie.

Kwa mhadhiri ambaye hana bajeti wala ruhusa ya seneti, anzeni wawili tu. Mwalimu wa studio na mwalimu wa miundo wakubaliane kutumia eneo moja na jengo moja kwenye kozi zao zilizopo tayari, wiki tatu, asilimia 20 ya maksi za kila kozi zitolewe na mwalimu wa upande wa pili, na kwenye juri awepo fundi mmoja wa saiti aliyesomewa michoro siku mbili kabla, na alipwe posho yake. Mtaala haujaguswa, bodi haijaandikiwa barua.